Jengo la pembe nane katika boma la mawe la Uskoti lilikuwa la nini, na unyevu unatoka wapi?

Swali: Fundi, salaam. Mimi na mume wangu tumenunua nyumba East Lothian, Uskoti, ndani ya majengo ya shamba la zamani yaliyogeuzwa makazi. Majengo ni ya mawe matupu na yamezunguka ua. Sebule yetu ni chumba cha pembe nane kilichobandikwa nyuma ya jengo refu. Upande wa barabarani kuna matao manne, na kwenye kuta kuna vipenyo vyembamba vya wima ambavyo jirani anasema vilikuwa vya kurushia mishale. Kwa nini walijenga hivi? Pili, ukuta wa chumba cha kulala unalowa tangu mwenye nyumba aliyetutangulia alipozijaza saruji fuga zote, yaani mistari ya katikati ya mawe, kwa nje. Kuna fundi anataka kuutoboa na kuupiga sindano za dawa ya kuzuia maji. Tatu, juu kabisa ya ukuta wa mwisho kuna tundu la pembetatu, na bundi anaingia na kutoka. Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Tanga na anataka tundu lizibwe kabla hajaondoka. Tuzibe?

Jibu: Dada yangu, nianze na jirani yako, kwa sababu maneno yake nimeyasikia kwenye mashamba mengi ya huko na yanawapoteza watu. Hakuna aliyerusha mshale kutoka kwenye kuta hizo. Vita vya mwisho kupiganwa katika eneo lenu vilikuwa vya Prestonpans, Septemba 1745, na boma lako lilijengwa baada ya hapo. Sebule yako ndiyo iliyoniambia, nitafika huko. Vipenyo ni vya hewa. Toka nje uvihesabu: vingine vinatazama barabara, vingine vinatazama ua wa boma lenyewe. Nani angemlenga nani? Kwa nje kipenyo hakizidi upana wa kiganja, ili mvua isipige ndani wala ndege wakubwa wasipite. Kwa ndani kingo zake zimepanuliwa kama mdomo wa faneli ili hewa na mwanga visambae. Utaviona zaidi palipowekwa nafaka na majani makavu, kwa kuwa majani yaliyofungiwa na unyevu huchacha, hupata joto, na huweza kuwaka yenyewe.

Waskoti wana neno moja kwa majengo haya yote kwa pamoja, stedingi. Mimi nitayaita boma, maana neno letu linabeba uzio na mifugo kwa mkupuo mmoja. Kabla ya katikati ya karne ya 18 boma la aina hii lilikuwa nadra. Wakulima waliishi katika vitongoji vya nyumba fupi za mawe na mabonge ya udongo wa nyasi, watu upande huu na ng'ombe upande ule, chini ya paa moja. Mashamba yaligawanywa mistari mistari, kila familia na mistari yake. Kisha wenye ardhi wakaleta mageuzi: mistari ikaunganishwa kuwa shamba moja lililozungushiwa uzio, mpangaji mmoja akapewa mkataba, mara nyingi wa miaka 19, na familia nyingi zilizobaki zikawa vibarua au zikahama. Mawe unayoyaona yamepangwa vizuri hivyo yamekaa juu ya historia hiyo, na kila nikipima boma moja naikumbuka.

Kwa kawaida mwenye ardhi ndiye aliyegharimia ujenzi, na mpangaji akasomba mawe na mbao kwa farasi na mikokoteni yake. Ndiyo sababu boma huwa na sura mbili. Upande unaoonekana barabarani una matao yaliyolingana na mawe ya kuchongwa, wakati upande wa nyuma una mawe ya kuokota yaliyopangwa jinsi yalivyokuja. Uso ule ulikuwa tangazo kwa wapangaji: hapa pana tajiri anayejua kilimo cha kisasa.

Sasa, ukitaka kulielewa boma, usianze na milango wala madirisha. Fuata mganda wa ngano. Mganda ulitoka shambani ukaja kwenye uwanja wa marundo, mara nyingi upande wa kaskazini, nje kidogo ya majengo. Huko miganda ilirundikwa kwa duara na kufunikwa kofia ya nyasi, ikasubiri zamu yake majira yote ya baridi. Kutoka hapo iliingia kwenye ghala la kupuria, ambalo ndilo hilo jengo refu lililoshikana na sebule yako. Nafaka ikapanda stoo ya ghorofani. Majani makavu yakatoka kwa mlango wa kusini, yakaenda kwa ng'ombe, wakayala mengine na kuyalalia mengine mpaka yakawa samadi, na samadi ikarudi kulekule mganda ulikotoka. Kila jengo limekaa pale ambapo mtu mwenye mzigo mgongoni hatapiga hatua ya bure. Na ghala, jengo lililo juu kuliko yote, liko kaskazini ili likinge upepo, huku ua ukifunguka kusini upate jua.

Zamani kupura kulifanywa kwa mikono, kwa fimbo mbili zilizofungwa pamoja kwa ukanda wa ngozi. Mtu alisimama kwenye sakafu ya ghala akipiga masuke tangu alfajiri, wiki baada ya wiki. Ghala la wakati huo lilikuwa na milango miwili inayotazamana. Ikifunguliwa yote, upepo unapita katikati na kupeperusha makapi. Mwaka 1786 mambo yakabadilika, tena yakabadilikia karibu na kwako. Andrew Meikle, fundi wa vinu aliyefanya kazi Houston Mill karibu na East Linton, alipata mashine ya kupura iliyofanya kazi kweli: pipa lenye mapau linalozunguka kwa kasi ndani ya ganda, likiyapiga masuke badala ya kuyasugua. Baadhi ya waliomtangulia walijaribu kuyasugua, na mashine zao hazikufika mbali. Alipewa hataza mwaka 1788, akafariki mwaka 1811 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, na amezikwa Prestonkirk, East Linton. Siku moja mwende mkalizuru kaburi lake, kwa sababu mnaishi ndani ya matokeo ya kazi yake.

Pipa lile lilihitaji kitu cha kulizungusha. Penye kijito walitumia gurudumu la maji. Pasipo na kijito walitumia farasi, na hiyo ndiyo sebule yako, dada. Farasi wanne, watano, wakati mwingine sita, walifungwa kwenye mikono ya mbao iliyotoka kwenye nguzo ya wima katikati ya chumba. Walizunguka, nguzo ikazunguka nao, gurudumu kubwa la meno juu ya vichwa vyao likasukuma mhimili wa mlalo, na mhimili ukapenya ukutani kuingia ghalani kwenye mashine. Farasi anayekwenda mduara hana kazi na pembe za chumba cha mraba, kwa hiyo chumba kikajengwa duara, au pembe sita, au nane. Mwashi yeyote atakwambia pembe nane ni nafuu kuliko duara. Kila upande ni ukuta mnyoofu unaofuata kamba na timazi, na seremala anapandisha kenchi zake bila kupinda ubao hata mmoja. Kwa kuwa jengo lako lipo kwa ajili ya mashine ya Meikle, haliwezi kuwa la kabla ya miaka hiyo, na ndivyo nilivyojua umri wake.

Jioni hii panda ngazi na tochi utazame dari. Pengine utaona boriti moja nene kuliko zote, inakatiza chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Ipapase katikati, upande wa chini. Ukikuta kishimo cha duara kilicholainika, au kipande cha chuma kimepigiliwa hapo, hapo ndipo kichwa cha ile nguzo kilipozungukia. Nilipoliona la kwanza, kwenye boma lisilo mbali na Haddington, nilitia kidole changu na mbao ilikuwa laini kama kinu cha zamani kinavyokuwa ndani. Miaka na miaka ya kuzunguka! Kisha geukia ukuta unaopakana na ghala, sawa na kimo cha boriti hiyo. Mara nyingi kuna tundu la mraba lililozibwa kwa mawe yasiyofanana na wenzake. Mhimili ulipita hapo. Na kama pande kadhaa za chumba chako ni nguzo za mawe zilizojazwa ukuta mwembamba wa baadaye, jua kwamba zilikuwa wazi, maana farasi wanaofanya kazi kwa saa nyingi wanatoa joto na jasho jingi. Tafadhali mwambieni kila fundi atakayeingia humo kwamba boriti ile haikatwi, hata kama inampiga mtu mrefu kichwa.

Mashine ya kupura haikumfurahisha kila mtu. Kusini mwa Uingereza, mwaka 1830, vibarua walizivunja kwa mamia, kwa sababu kupura kwa mkono ndiko kulikowapatia mkate majira ya baridi. East Lothian mambo yalikwenda upande mwingine: kuanzia miaka ya 1830 mashamba makubwa yakaanza kuweka injini za mvuke, na ndiyo maana ukiendesha gari huko unaona bomba refu la moshi la matofali limesimama katikati ya mashamba ya ngano. Farasi wakatoka kwenye mduara, chumba kikawa cha kuwekea takataka za shamba. Karne ya 20 ikaja na mashine za kuvuna zinazopura palepale shambani, na ghala lenyewe likakosa kazi.

Matao yako manne ni banda la mikokoteni. Yanatazama nje, kwenye barabara, kwa sababu mkokoteni hauna sababu ya kuingia ua wa ng'ombe, na mara nyingi yanaelekea kaskazini au mashariki ili jua lisikaushe magurudumu ya mbao yakapasuka. Juu ya matao kuna stoo ya nafaka, na hapo pana akili ninayoipenda sana. Nafaka inataka sakafu kavu iliyo mbali na ardhi. Banda lililo wazi chini yake linapitisha hewa mchana na usiku, na panya hapati njia rahisi ya kupanda. Matao mengi yalimaanisha mikokoteni mingi, mikokoteni ikamaanisha farasi, na farasi wakamaanisha ekari. Jozi moja ya farasi wa plau ilihesabiwa kutosha kama ekari 50. Mgeni alihesabu matao kutoka barabarani akajua anaingia shamba la ukubwa gani.

Kama mnataka kuyawekea vioo, kioo kiwekwe nyuma ya tao, kirudi ndani angalau nusu ya unene wa ukuta, ili kivuli cha tao kibaki. Kioo kikija usawa wa ukuta wa nje, tao linakufa, linakuwa picha tu.

Kitu kingine cha kutazama kwa karibu: pembe za majengo zinazoelekea kwenye lango la ua. Huenda zimekatwa mshazari kutoka chini hadi kimo cha bega, kisha juu zikarudi kuwa pembe kamili, jiwe la mpito likiwa limechongwa kama bakuli lililopinduliwa. Wageni hudhani ni urembo. Gurudumu la mkokoteni lina kitovu kilichochomoza, na ng'ombe waliosongamana mlangoni wana mbavu. Pembe kali ingemumunyuka na mnyama angeumia. Mwashi akaikata chini palipohitajika, akaiacha juu ili paa likae sawa. Ukipitisha mkono hapo utakuta jiwe limeng'aa kwa kusuguliwa na wanyama.

Ua wa katikati ulikuwa wa ng'ombe wa kunenepesha. Walilishwa tanipu, ile mizizi mikubwa ya duara, na wakakanyaga majani hadi samadi ikafika magotini. Mwanzoni ua ulikuwa wazi. Baadaye, katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakulima walitambua kuwa mvua inaosha rutuba ya samadi na kuipeleka mtaroni, wakaanza kuezeka ua mzima juu ya nguzo za chuma cha kusubu. Kama jirani yako mmoja ana ukumbi mpana wenye nguzo za chuma katikati, anaishi kwenye samadi ya watu wa zamani, na ni mahali pa heshima, kwa kuwa samadi ndiyo iliyolipa kodi ya shamba.

Watu waliofanya kazi hizi hawakulala ndani ya boma la kwenu, ila waliishi kwenye safu ya nyumba ndogo karibu yake. Mtunza farasi mwenye mke aliajiriwa kwa mwaka, sehemu ya ujira wake ikiwa ni oti, shayiri na viazi, na kwa muda mrefu alitakiwa kuleta mwanamke mmoja wa kufanya kazi shambani: mke, binti, au wa kumwajiri mwenyewe. Wanawake hao ndio waliopalilia na kung'oa tanipu kwenye baridi ile. Kaskazini zaidi, Angus na Aberdeenshire, vijana wasiooa walilala katika chumba kimoja bomani, pengine juu ya zizi la farasi, na nyimbo zao kuhusu wakulima wachoyo zinaimbwa hadi leo.

Nije kwenye mawe, maana hapo ndipo swali lako la unyevu lilipo. Kuta za boma la East Lothian mara nyingi zina mawe meusi magumu ya volkano yaliyookotwa mashambani au kuvunjwa kwenye vilima vya karibu, na pembeni mwa milango, kwenye matao na kwenye pembe wanaweka mawe ya mchanga, mekundu au ya kijivu, kwa kuwa ndiyo yanayokubali patasi. Upana wa jengo, kama mita 5 au 6, uliamuliwa na urefu wa mbao, nyingi zikiwa za misonobari zilizoletwa kwa meli kutoka nchi za Baltiki. Mama mkwe wako hatashangaa, maana pwani kwetu boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa chumba. Paa la ghala na la mazizi mara nyingi ni vigae vyekundu vya mawimbi, mtindo uliokuja kwa biashara na Uholanzi. Vinapitisha hewa katikati yake, jambo zuri kwa ng'ombe. Mistari michache ya chini kabisa, penye mchirizi, huwa ya mabamba ya mawe, ili maji yatue vizuri. Stoo ya nafaka ilipewa mabamba ya mawe paa zima, kwa kuwa nafaka haitaki hata tone.

Ukuta wenyewe ni kuta mbili zilizosimama pamoja, moja ya nje na moja ya ndani, katikati zimejazwa vipande vidogo na chokaa au udongo. Unene wake ni kama sentimita 60. Ukuta kama huu haukujengwa uzuie maji yasiingie kabisa. Mvua ya upepo inaingia kidogo, chokaa iliyo kwenye fuga inayanywa maji hayo, na hali ya hewa ikikauka inayatoa tena nje. Fuga ndiyo mapafu ya ukuta. Jiwe gumu halipumui, kwa hiyo kila kitu kinategemea ile mistari ya chokaa katikati ya mawe.

Sasa mtu amekuja akazikwangua fuga hizo na kuzijaza saruji. Saruji ni ngumu, haipitishi mvuke kirahisi, na haijongei pamoja na ukuta. Ndani ya misimu michache inaachana na jiwe na kuacha mwanya mwembamba kama unywele. Maji yanapita kwenye mwanya, yanafika kwenye kiini cha ukuta, na njia ya kurudi imefungwa. Yatakwenda wapi? Yatakuja chumbani kwako. Au yatatokea kwenye jiwe la mchanga lililo laini, na hapo baridi ikipiga, maji yanaganda na kutanuka kwa takriban asilimia 9, uso wa jiwe unabanduka kama ganda la mkate. Umeshaona ukuta ambao mawe yamerudi ndani na saruji imebaki imechomoza kama fremu ya picha? Ndiyo mwisho wake.

Mama mkwe anaujua ugonjwa huu hata kama hajui jina lake. Nyumba za zamani za Pangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi zinateseka kwa sababu ileile: lipu ya saruji juu ya ukuta uliozoea kupumua, halafu chumvi zinachanua, na lipu inaanguka vipande vipande. Mimi chokaa nilijifunza pwani kabla ya kuifanyia kazi Uskoti, na niliona ajabu nilipokuta wazee wa huko wanaifunika kazi mbichi kwa magunia yaliyoloweshwa, kama tulivyofanya sisi.

Kwa hiyo sindano za dawa, hapana. Dawa hiyo inataka ukuta wa matofali wenye mstari mmoja wa fuga inayoendelea. Kiini cha ukuta wako ni vipande na mianya. Dawa itamwagikia kwenye mianya hiyo, pesa zako pia, na maji yatabaki palepale.

Kabla hujagusa ukuta, subiri siku ya mvua kubwa, uvae koti, utoke nje ukaangalie. Mfereji wa paa juu ya chumba cha kulala unafurika? Bomba la kushushia maji limepasuka nyuma, upande ule usioonekana? Nimeitwa kwenye nyumba ambayo wenyewe walishatumia fedha nyingi ndani, na kisa chote kilikuwa kiota cha ndege kwenye mdomo wa bomba. Kisha tazama usawa wa ardhi. Ua wa boma huinuka kila kizazi kinapomwaga kokoto na lami, na mara nyingi ardhi ya nje imekuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Kama ni hivyo, chimbeni mtaro mfupi kando ya ukuta, mshushe ardhi chini ya usawa wa sakafu, mjaze changarawe, na maji yaelekezwe mbali. Msichimbe chini ya msingi. Misingi ya boma wakati mwingine ni mifupi kuliko unavyodhani.

Yakishakamilika hayo, saruji itolewe. Kwa patasi na nyundo, fuga moja moja, na kamwe si kwa mashine ya kukatia yenye kisu cha kuzunguka, kwa kuwa ikiteleza mara moja inakata kingo za jiwe na kovu halifutiki. Ambapo saruji imeshikana na jiwe la mchanga kiasi kwamba ikitoka inatoka na jiwe, iacheni, miaka itailegeza. Ndani ya fuga mtakuta chokaa ya zamani, ya rangi ya maziwa yenye vumbi la mchanga. Chukua kipande ukivunje kiganjani. Utaona punje nyeupe kama chenga za mchele: hizo ni chokaa ambayo haikuchanganyika walipoipika na mchanga papo hapo, ikiwa bado ya moto. Kipande hicho mpe fundi wako aulinganishe mchanga wake nacho. Mchanga ule pengine ulitoka karibu, na chokaa pia. Pwani ya Catcraig karibu na Dunbar tanuri la zamani la kuchomea chokaa bado limesimama. Ng'ambo ya ghuba, Charlestown huko Fife, kuna safu ya matanuri makubwa zaidi, na hapo hapo mafundi wa Uskoti wamefundishwa kazi ya chokaa. Tafuta fundi aliyepita mafunzo ya aina hiyo, umuulize akuonyeshe ukuta alioufanya miaka mitano iliyopita.

Kazi ifanywe kati ya Aprili na Septemba. Chokaa haipendi baridi ya chini ya nyuzi 5 wala jua kali la ghafla. Inataka kukauka polepole chini ya gunia bichi. Fuga zenye uwazi mkubwa zijazwe chokaa pamoja na vijiwe vidogo vilivyobanwa vizuri, kama walivyofanya wenyewe, kwa sababu chokaa nyingi bila kijiwe itanywea na kupasuka. Ndani ya chumba, lipu ya saruji au ya jasi pamoja na rangi ya plastiki zitoke, ipigwe lipu ya chokaa, na rangi iwe chokaa. Halafu muwe na subira. Mafundi hukadiria kuwa ukuta hukauka kama sentimita mbili na nusu za unene kwa mwezi. Sentimita 60 ni miaka miwili. Msiuhukumu kwa majira ya baridi ya kwanza.

Kabla ya yote, ulizeni halmashauri kama boma limeorodheshwa kuwa jengo la kihistoria. Uskoti kuna daraja A, B na C, na mabadiliko yanayogusa sura ya jengo lililoorodheshwa bila kibali ni kosa la jinai, hata kama unarekebisha tu alichoharibu mwingine. Orodha iko wazi kwa umma, kwenye taasisi ya Historic Environment Scotland, na maofisa wa halmashauri niliofanya nao kazi walifurahi kuulizwa mapema.

Sasa bundi. Mpe mama shikamoo yangu. Najua tulivyolelewa: bundi akilia juu ya paa, mtu anasoma dua na kuangalia nani mgonjwa. Siwezi kumwambia mama aache alichofundishwa na wazazi wake. Naomba tu umweleze kwamba tundu hilo halikutokea kwa bahati mbaya, wala bundi hakulivunja. Mwashi alichonga mawe matatu akayasimamisha pembetatu juu kabisa ya ukuta wa ghala, kwa agizo la mkulima, ili bundi mweupe aingie. Chini kulikuwa na nafaka ya mwaka mzima, na panya. Paka hafiki kwenye kenchi, bundi anafika.

Kuna na sheria. Bundi huyo analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981. Kumsumbua akiwa kwenye kiota, au kumfungia njia akiwa na makinda, ni kosa. Kabla fundi hajaweka jukwaa kwenye ukuta ule, mleteni mkaguzi mwenye leseni aangalie kama ana kiota, na awaangalie popo pia, maana nao wanalindwa na wanapenda sana mianya ya kuta za aina hii. Panga kazi za upande huo baada ya makinda kuruka.

Ukipata wakati wa machweo, kaeni uani na mama mtazame akitoka. Anaruka bila sauti kabisa. Na angalia chini ya tundu: kama kuna kijiwe bapa kimechomoza ukutani, upana wa sahani hivi, mwashi alikiweka makusudi ili bundi apate pa kutua kabla ya kuingia ndani.